Pikipiki Kuukuu Inayokunywa Petroli: Pima Kwanza, Kisha Tengeneza

Katika skimu zetu za Uasin Gishu pikipiki imekuwa punda wa siku hizi. Asubuhi hupeleka maziwa kituoni, mchana hurudi na mfuko wa mbolea au dawa ya kuogeshea ng'ombe, na usiku humpeleka mgonjwa hospitalini. Nyingi za pikipiki hizo si mpya. Zipo Honda CG125 za zamani, namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Zipo Yamaha AG100, zilizotengenezwa hasa kwa kazi za shamba. Na huenda ukamkuta mzee ambaye bado anatunza BSA Bantam, mashini ya Kiingereza iliyotengenezwa tangu 1948 hadi 1971. Mashini hizi zilijengwa imara, na mwenye kuzitunza huweza kuwarithisha watoto wake. Lakini lipo lalamiko moja ambalo husikika mara kwa mara: "Inakwenda, lakini inakunywa petroli kupita kiasi."

Si siku nyingi zilizopita mzee mmoja, mkulima wa upande wa Ziwa, alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu. Alipomaliza haja yake alibaki amesimama. "Mwalimu," akaniambia, kwa maana watu wengi huniita hivyo kwa sababu ya kazi niliyosomea, "pikipiki yangu imekuwa mlevi. Nataka kuuza mtamba mmoja nipate malipo ya kwanza ya pikipiki mpya ya mkopo."

Nikamwuliza, "Mzee, inakunywa kiasi gani?"

Akajibu, "Nyingi."

"Nyingi ni lita ngapi kwa kilomita ngapi?"

Hapo mzee alinyamaza.

Mimi ni karani, si fundi. Lakini mojawapo ya kazi zangu ni kuandika daftari la petroli ya pikipiki za ofisi, na daftari hilo limenifunza jambo moja. Neno "nyingi" halina dawa. Neno "lita moja kwa kilomita 20" lina dawa. Basi tulikubaliana na mzee kwamba asiuze mtamba wake kabla ya kupima, na kwamba kila atakapotengeneza kitu kimoja, apime tena. Katika makala haya nitaeleza njia tuliyoifuata, ili kila mkulima mwenye pikipiki kuukuu aweze kuifuata mwenyewe.

HASARA YENYEWE NI KIASI GANI?

Kwanza yafaa tujue kwa nini jambo hili lisiachwe. Mzee huyu husafiri kilomita 12 kwenda kituo cha maziwa na kilomita 12 kurudi, yaani kilomita 24 kila siku. Kwa siku 30 ni kilomita 720. Pikipiki yake, Honda CG125, ilipopimwa mara ya kwanza ilikwenda kilomita 20 tu kwa lita moja. Kwa hiyo ilitumia lita 36 kwa mwezi.

Pikipiki ya mapigo manne ya ukubwa huo, ikiwa na afya njema na ikiendeshwa kwa mwendo wa kiasi, inaweza kwenda kilomita 35 au zaidi kwa lita moja. Tuseme 36. Basi kwa safari zile zile ingetumia lita 20. Tofauti ni lita 16 kila mwezi.

Sasa geuza petroli iwe maziwa. Tuseme bei ya lita moja ya petroli ni sawa na bei ya lita nne za maziwa unayopokea kituoni. Lita 16 za petroli ni lita 64 za maziwa. Hizo ni zaidi ya debe tatu, zinazokamuliwa na kumwagwa barabarani kila mwezi. Ng'ombe amelishwa, wewe umeamka usiku kukamua, na pikipiki imekunywa. Ikiwa bei kwako ni nyingine, piga hesabu kwa bei yako.

JINSI YA KUPIMA

Watu wengi hupima kwa kuangalia ndani ya tangi, au kwa kusema, "Nilitia petroli ya shilingi mia mbili ikaisha Jumatano." Huko si kupima. Fanya hivi:

1. Nenda kwenye kituo cha petroli unachokiamini. Simamisha pikipiki wima juu ya stendi ya katikati, mahali palipo sawa. Ikiegemea upande, tangi halijai sawasawa.

2. Jaza tangi mpaka alama moja utakayoikumbuka, kwa mfano chini kidogo ya shingo ya tangi. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye sipidomita.

3. Endesha kazi zako za kawaida mpaka umekwenda zaidi ya kilomita 100. Usijizuie wala usijionyeshe.

4. Rudi kituo kile kile, simamisha pikipiki vile vile, jaza mpaka alama ile ile. Andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita.

5. Toa namba ya kwanza katika namba ya pili, kisha gawanya kwa lita.

Daftari la mzee wa Ziwa lilianza hivi. Tarehe 3, kilomita 41,210, tangi limejaa. Tarehe 9, kilomita 41,354, zimeingia lita 7.2. Alikuwa amekwenda kilomita 144. Gawanya kwa 7.2, unapata 20.

Rudia mara mbili au tatu kabla ya kuamini, maana safari moja yenye matope au mzigo mkubwa yaweza kukudanganya. Mwenye mashini ya Kiingereza akumbuke kwamba sipidomita yake huenda inahesabu maili. Maili moja ni kilomita 1.6 na kidogo, na galoni ya Kiingereza ni lita 4.5 na kidogo. Mwenye sipidomita iliyokufa atumie njia anayoujua urefu wake, kwa mfano nyumbani hadi kituo cha maziwa, na ahesabu ni mara ngapi amekwenda na kurudi.

JE, PETROLI INACHOMWA AU INAPOTEA?

Kabla ya kulaumu injini, hakikisha kwamba petroli inafika kwenye injini. Weka kipande safi cha katoni chini ya pikipiki usiku kucha, nawe uache koki wazi usiku huo mmoja tu kwa ajili ya kujaribu. Fanya hivyo nje, mbali na nyumba, jiko, na zizi. Asubuhi tazama kama pana doa, na nusa. Petroli yaweza kuvuja kwenye koki, kwenye mpira uliopasuka, kwenye mshono wa tangi, au kwenye bakuli la kabureta. Kagua kwa mwanga wa mchana au kwa tochi. Usikaribie kamwe na koroboi, kiberiti, wala sigara. Mvuke wa petroli hushika moto hata pale usipoona tone.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti, ambayo kazi yake ni sawa na ya boya katika birika la kunyweshea ng'ombe. Birika likijaa, boya huinuka na kufunga maji. Floti ikitoboka, au sindano yake ndogo ikilika, petroli haifungwi. Humwagika nje, au huingia ndani ya silinda. Katika injini ya mapigo manne petroli hiyo yaweza kushuka hadi kwenye oili. Vuta kijiti cha kupimia oili na unuse. Ikiwa oili imepanda na inanuka petroli, usiwashe injini. Badilisha oili na utengeneze sindano ya floti kwanza, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda injini.

Jifunze pia kufunga koki kila unapomaliza safari. Ni kazi ya nukta moja, na haina gharama.

Tena kuna uvujaji wa namna nyingine, ambao huonekana katika daftari tu. Ikiwa wiki hii ni kilomita 33 kwa lita, wiki ijayo 22, kisha 33 tena, na safari ni zile zile, basi huenda ubovu hauko kwenye pikipiki. Mpira mwembamba na chupa ya soda vyatosha kutoa lita moja katika tangi. Usimshitaki mtu, bali tia kufuli kwenye kifuniko cha tangi, kisha upime tena.

PIKIPIKI INAYOVUTA MZIGO USIOONEKANA

Mtu akisukuma mkokoteni ambao gurudumu lake limekwama, atachoka upesi ingawa mkokoteni ni mtupu. Injini nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kagua kwanza vitu visivyohitaji fedha.

Tairi. Tairi lenye upepo haba hulala chini na kuvuta nyuma. Upepo unaofaa umeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi katika kibandiko karibu na mnyororo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa kidole au kwa teke. Unapobeba makopo ya maziwa, tairi la nyuma lahitaji upepo zaidi, kama kitabu kinavyoagiza.

Breki. Simamisha pikipiki kwenye stendi, weka giya huru, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lapasa kuzunguka kwa wepesi. Likisimama mara moja, na unasikia mkwaruzo, breki inashika. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la mbele. Njia nyingine ni kusimama baada ya mwendo ambao hukutumia breki sana, na kusogeza mkono karibu na kikombe cha gurudumu. Kikiwa cha moto, breki inakula petroli yako. Legeza nati ya kurekebishia kidogo kidogo, lakini usilegeze mpaka breki ikose nguvu. Mara nyingi ubovu ni matope na kutu katika mkono wa breki, nao wahitaji kusafishwa na kutiwa grisi.

Mnyororo. Ukikaza sana, unavuta. Ukilegea sana, unapiga na kula meno. Katikati, kati ya meno ya mbele na ya nyuma, mnyororo wa pikipiki hizi wapasa kuchezacheza kiasi cha milimita 20 hivi. Pima ukiwa umezungusha gurudumu sehemu mbalimbali, maana mnyororo wa zamani huwa umekaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Utie oili, hasa baada ya mvua.

Klachi. Ukipanda kilima, injini ikapiga kelele zaidi lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Tazama kwanza kama waya wa klachi umekaza mno. Wapasa kuwa na nafasi kidogo kwenye mkono wa usukani. Nafasi ikiwepo na bado inateleza, sahani za klachi zimelika.

Katika pikipiki ya mzee wa Ziwa tulikuta tairi la nyuma lina upepo nusu ya unaotakiwa, na breki ya nyuma imeshika kwa kutu. Alitumia asubuhi moja na grisi kidogo. Akapima tena. Kutoka kilomita 20 kwa lita akafika 24.

HEWA: KORIDO NYEMBAMBA YA INJINI

Kila kilo moja ya petroli yahitaji kilo 14 na zaidi za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, petroli huungua nusu na nyingine hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi. Ni kama koroboi ambayo utambi wake umepandishwa mno: mwanga hauongezeki, ila masizi yanajaa ukutani na mafuta ya taa yanakwisha.

Hewa hupita kwanza katika kichujio, ambacho mafundi hukiita eyaklina. Katika nchi yetu, tangu wakati wa kuvuna mahindi mpaka mvua za Machi, barabara za skimu ni vumbi tupu, na kichujio huziba upesi. Lakini usikitoe ukaendesha bila kichujio, kama wafanyavyo wengine. Vumbi litasaga silinda na ringi kama jiwe la kusagia, na utanunua injini kwa sababu ya kichujio.

Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa kivulini, kisha hutiwa oili kidogo na kukamuliwa kwa kiganja bila kukisokota. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Hupigwapigwa polepole au kupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na kikichoka hununuliwa kingine. Usitumie petroli kuosha kichujio, kwa sababu ya hatari ya moto.

Hapo hapo kagua choki. Choki huzuia hewa kwa makusudi ili injini baridi iwake. Injini ikipata moto, choki hufunguliwa yote. Lakini katika pikipiki kuukuu choki yaweza kubaki imefungwa nusu bila dereva kujua, kwa sababu chemchemi imekufa au waya umekwama. Tazama kwa macho yako kama kijiti chake kinarudi mpaka mwisho.

Mzee alikuta kichujio kimekuwa kama tope lililokauka, na choki hairudi. Akapima tena: kilomita 29 kwa lita.

SOMA PLAGI KAMA BARUA

Plagi ni barua inayotoka ndani ya injini. Endesha kilomita kumi hivi kwa mwendo wa kawaida, zima injini, ngoja ipoe, kisha fungua plagi.

Ikiwa ncha yake ni ya rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko wa petroli na hewa ni mzuri.

Ikiwa ni nyeusi, kavu, yenye masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa.

Ikiwa ni nyeusi na yenye utelezi wa oili, oili inapanda kwenye silinda, kwa kuwa ringi au valvu zimelika, au, katika injini ya mapigo mawili, oili imezidi.

Ikiwa ni nyeupe, petroli ni haba, na injini inachemka. Hali hii haionekani kuwa ghali siku ya kwanza, lakini yaweza kutoboa pistoni.

Safisha plagi na upime nafasi yake kwa fila geji. Kwa nyingi za pikipiki hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7, lakini kitabu chako ndicho hakimu. Pikipiki za zamani zina pointi pia. Pointi zikichomeka au nafasi yake ikibadilika, moto hufika kwa wakati usiofaa, na petroli huungua bila kufanya kazi yote. Katika injini ya mapigo manne fundi apime na nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi. Valvu isiyofunga vizuri hupoteza nguvu, na dereva huzungusha mkono zaidi ili kuirudisha.

Mwenye injini ya mapigo mawili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, afungue ekzosi na kuondoa masizi magumu yaliyoganda humo. Ekzosi iliyoziba ni kama mtu anayekimbia huku amefungwa mdomo.

KABURETA NA HEWA YA ELDORET

Sasa tunafika mahali ambapo wengi huanzia, nao hukosea. Kabureta ni kitu cha mwisho kuguswa.

Ndani yake kuna jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu dogo lililopimwa kiwandani. Petroli hupita katika tundu hilo. Pikipiki ikikataa kwenda, fundi wa haraka huchukua waya wa breki na kuchokoa tundu. Uchafu hutoka, lakini shaba ni laini, na tundu hupanuka. Tangu siku hiyo pikipiki inakunywa zaidi, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Jeti husafishwa kwa kupulizwa tu. Ikiwa imechokolewa, nunua nyingine yenye namba ile ile. Tazama pia sindano ndefu inayopanda na kushuka unapozungusha mkono, pamoja na tundu inamoingia. Hivi viwili husuguana miaka mingi, tundu likawa la umbo la yai, na petroli ikapita pembeni.

Lakini hata jeti mpya ya kiwandani yaweza kuwa kubwa mno kwetu, na sababu yake ni hii. Mji wa Eldoret uko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Katika kila pumzi ambayo injini inavuta hapa, uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano, ukilinganisha na Mombasa. Tundu la petroli halijui kama limepanda mlima. Kabureta ya zamani haiwezi kujirekebisha yenyewe kama mitambo ya kisasa inayopuliza petroli kwa umeme. Hivyo pikipiki iliyopimwa kwa nchi ya chini, ikiletwa hapa, hupewa petroli nyingi kwa hewa haba. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vya Honda vya miaka ya 1980 viliagiza jeti ndogo zaidi kwa pikipiki zitakazokaa juu ya mita 2,000.

Ikiwa umekwisha kukagua yote yaliyotangulia, na plagi bado ni nyeusi na kavu, mwombe fundi mwenye subira afanye mambo haya kwa zamu:

Kwanza, apime kimo cha floti kama kitabu kinavyoeleza.

Pili, ikiwa sindano ndefu ina mikato kadhaa juu, ahamishe kipini chake mkato mmoja juu. Hapo sindano hushuka na petroli hupungua.

Tatu, ajaribu jeti kubwa yenye namba ndogo kwa hatua moja tu, ya namna ile ile na ya kampuni ile ile.

Baada ya kila hatua, pima na usome plagi. Injini ikipoteza nguvu, ikichemka, au plagi ikiwa nyeupe, rudi nyuma hatua moja bila kuchelewa.

Na hapa pana onyo. Pikipiki iliyopimwa kwa Eldoret si lazima ifae kila mahali. Mtu akiteremka kutoka Iten hadi chini katika Bonde la Kerio, anashuka zaidi ya mita 1,000. Huko hewa ni nzito zaidi, na jeti ndogo itatoa petroli haba kuliko inavyotakiwa. Mwenye biashara ya bondeni kila wiki asipunguze jeti kwa tamaa ya kilomita mbili, hasa ikiwa injini yake ni ya mapigo mawili.

Katika pikipiki ya mzee fundi alikuta jeti iliyochokolewa kwa waya. Ilibadilishwa, na kipini cha sindano kikahamishwa mkato mmoja. Alipopima mara tatu, daftari lilionyesha kilomita 36 kwa lita.

MAMBO MENGINE MATATU

La kwanza ni mzigo na mwendo. Kopo la lita 50 la maziwa lina uzito wa zaidi ya kilo 51, bila kopo lenyewe. Pikipiki yenye kopo mbili haiwezi kulinganishwa na ya jirani anayekwenda kanisani. Linganisha pikipiki yako na yenyewe. Tena, mwendo wa kasi dhidi ya upepo hula petroli kuliko watu wanavyodhani. Usiendeshe giya ndogo mahali giya kubwa yatosha, wala usiilazimishe giya kubwa kilimani.

La pili ni petroli yenyewe. Wafanyabiashara wasio waaminifu wamewahi kuchanganya petroli na mafuta ya taa kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipandisha tozo ya mafuta ya taa ili kuzuia uovu huo. Hata hivyo, petroli ya chupa za kando ya njia huwezi kuijua asili yake wala kipimo chake. Nunua kwenye pampu inayoonyesha lita.

La tatu ni uzee wa injini. Ikiwa umekagua yote, na bado inakunywa, inatoa moshi wa buluu, na mguu wa kuwashia unashuka bila ukinzani, basi ringi na silinda zimelika. Hapo ndipo pa kukaa na hesabu: gharama ya kutengeneza injini ni kiasi gani, itaokoa lita ngapi kwa mwezi, na itajilipa baada ya miezi mingapi? Kama hesabu yakataa, uza, na ununue nyingine bila majuto. Lakini uwe umekwisha kuuliza hesabu.

KWA KUMALIZA

Angalia jinsi nafuu ya mzee ilivyopatikana. Kutoka 20 hadi 24 ilikuwa upepo na grisi. Kutoka 24 hadi 29 ilikuwa sabuni na kuachilia choki. Kutoka 29 hadi 36 ilikuwa kipande kidogo cha shaba na kazi ya fundi ya muda mfupi. Kama angeanza na fundi kubadilisha vitu vyote kwa siku moja, asingejua ni kipi kilichofaa, wala siku nyingine asingejua pa kuanzia. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine.

Mtamba hakuuzwa. Mzee alipokuja tena ofisini hakuja na maneno, alikuja na daftari. Alilifungua mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasema, "Mwalimu, sahihisha."

Wazee wa biashara walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu mkulima, utakapojaza tangi safari ijayo, simamisha pikipiki wima, tazama namba, na uiandike. Daftari la mtoto wa shule lenye kurasa 32 litakutosha kwa muda mrefu.